Nyundo Hamsini za Fundi Saa

Habari za kifo chake zilinikuta sokoni nikichagua sato, na jambo la kwanza lililonijia kichwani, Mungu anisamehe, lilikuwa saa yangu. Sikuuliza ameugua nini wala amezikwa lini. Nilisimama na samaki mkononi nikiwaza kwamba saa ya marehemu baba yangu imo kabatini kwa marehemu mwingine, na sasa nitaidai kwa nani. Muuza samaki, ambaye ndiye aliyenipa habari, aliniona nimeduwaa akadhani ni uchungu wa msiba. Akanipa pole, akaniongezea sato mmoja mdogo bila kuombwa, nami nikapokea. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba leo mnasoma habari za mtu mwema zikiandikwa na mtu wa kawaida tu.

Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii mtakumbuka nilivyowahi kumlalamikia fundi saa mmoja wa hapa Mwanza ambaye sikumtaja jina, na leo pia sitamtaja. Meza yake ilikaa kwenye baraza la duka la vitambaa, karibu na soko, yeye nyuma ya kisanduku cha kioo, jicho moja limefunikwa na lenzi nyeusi na jicho la pili likikutazama kama vile ndilo lililobaki kukusikiliza. Nilimpelekea saa ya baba, ile ya kuvaa mkononi aliyopewa siku anastaafu kazi ya kwenye meli za Nansio, kule kisiwani Ukerewe. Wakati anaifungua aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia mimi ni mwandishi, na kwamba naandika kitabu cha maisha ya mama yangu, aliyeko Nansio, ambaye anakumbuka mambo ambayo watu wote wa rika lake wameshayasahau au wameshaondoka nayo. Akauliza nimefika wapi. Nikasema ndiyo naanza. Akasema nirudi baada ya wiki.

Niliporudi hakugusa habari za saa. Aliuliza kitabu. Nikamweleza kwamba wiki ile nilikuwa na shughuli nyingi. "Basi hata saa yako nayo ilikuwa na shughuli nyingi," akanijibu, akaendelea na kazi yake. Tukaenda hivyo miezi kadhaa, mimi na visingizio vyangu, yeye na vyake, mpaka siku moja akatoa ile lenzi jichoni na kunitazama kwa macho yote mawili. "Mwandishi, saa yako imepona zamani. Utaichukua siku utakayoniletea kitabu." Nilicheka. Yeye hakucheka. Hiyo ni miaka tisa iliyopita, na kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikiuliza saa kwa wapita njia kama mtu asiye na wazazi.

Sasa, fundi alikuwa na haki gani ya kuniteka saa? Ili mlielewe hilo inabidi niwapeleke juu mlimani. Wageni hufika katika jiji letu wakayapiga picha mawe yaliyopandana, wakarudi kwao wamefurahi. Sisi tunaojenga huku tunajua kwamba jiwe ni jirani aliyetangulia. Fundi alikuwa amepata kiwanja kidogo kwenye mteremko unaotazama ziwa. Mke wake ni mzaliwa wa Ukerewe, na siku alipomposa alimwahidi jiko lenye dirisha la upande wa ziwa, awe anasonga ugali huku anaona boti zikija kutoka kwao. Kwa fundi ahadi hiyo haikuwa maneno ya uchumba yanayoisha na uchumba. Kiwanja kilikuwa na mahali pamoja tu ambapo jiko lingekaa na kuliona ziwa, na mahali hapo ndipo jiwe lilipokuwa. Lilikuwa jiwe la kukaliwa na watu watatu, si zaidi. Muuzaji, mzee aliyekuwa anahamia Magu kulima mpunga, alilipiga kisigino kidogo akasema, "Hako kajiwe kasikutishe. Siku mbili tu umeshakamaliza."

Kosa la fundi lilikuwa kosa la nusu ya wenye viwanja wa jiji hili: alilitazama jiwe kwa juu. Alipoanza kuchimba pembeni ili alipate vizuri, jiwe likaanza kukua. Mwisho wa mwezi wa kwanza lilikuwa la watu saba. Mwisho wa mwaka ingeweza kukaa kwaya nzima pamoja na kinanda chake. Mafundi wa kupasua mawe waliitwa, wakalizunguka mara mbili, wakaomba maji ya kunywa, wakaondoka. Majirani nao wakawa hawaishi kumpitia na methali za subira, kila mmoja na yake, na aliniambia kwamba mwanzoni alizipokea kwa adabu, lakini baadaye alikuwa anamwonyesha mtu ile nyundo kubwa na kumuuliza kama methali yake ina mikono. Basi akabaki yeye na jiwe. Alikuwa mtu mwembamba, ambaye kazi yake ya kutwa ilikuwa kushika kwa kibano skrubu zisizoonekana, na kila asubuhi, isipokuwa Ijumaa, alipanda kutoka chumba walichopanga chini ya kilima, akapiga nyundo hamsini, akanawa, akaenda kufungua saa za watu.

Nyundo hamsini, si arobaini na tisa wala hamsini na moja. Nami siku ya kwanza kupanda kule nilikwenda na moyo mkubwa, moyo wa mtu ambaye jiwe si lake. Nilimwomba nyundo nikampigia zaidi ya mia mbili bila kupumzika, jasho linanitoka, namwambia kwamba kwa mwendo huu tutalimaliza kabla ya mvua. Yeye alikaa pembeni anakunywa chai. Vipande vilivyotoka vingejaa kofia. Kesho yake mkono wangu wa kulia haukupanda juu ya kiuno, na safu ya wiki ile niliiandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kama kuna aliyeona ilikuwa fupi. Nilipomwendea kulalamika aliniuliza, "Leo umekwenda?" Nikamwambia siwezi hata kushika kijiko. "Ndiyo maana ya hamsini," akasema. "Ya hamsini na moja ndiyo inayokufanya kesho usije."

Msidhani alikuwa malaika. Alinisimulia kwamba mwaka wa tatu, alipochimba upande wa ziwa na kukuta jiwe bado linashuka, alilinunia. Miezi minne hakupanda. Alipitia njia nyingine kwenda kazini ili asilione. Usiku hakuwa analala vizuri na mchana saa za watu zilikuwa zinamponyoka mkononi. Mke wake hakumwambia kitu. Asubuhi moja fundi alisikia mlio anaoufahamu, akatoka mbio na msuli wake mpaka juu, akamkuta mke wake kajifunga kanga kiunoni, nyundo imemzidi uzito, analipiga jiwe kwa hasira za mtu anayeua nyoka. Alikuwa amelipata mara nne na kukosa mara nyingi kuliko hizo. Akamkabidhi nyundo, akafuta uso, akasema, "Zimebaki arobaini na sita." Fundi alipokuwa ananipa habari hizi alivaa lenzi yake, ingawa mezani hapakuwa na saa ya kutengeneza.

Baada ya mwaka huo ndipo alipotafuta turubai. Alilifunika jiwe lote, akaacha wazi sehemu yenye upana wa ungo, na hapo ndipo alipopiga mpaka paishe, kisha akasogeza turubai kidogo. Nilimuuliza kwa nini ajisumbue hivyo. "Mimi jiwe lile lote silijui," akanijibu. "Najua hiki kipande tu. Lile lingine ni la mtu mwingine anaitwa mimi wa mwakani." Mimi nilicheka na kuyaandika kwenye daftari langu la kitabu, ambalo hadi siku ile lilikuwa na jina la mama na tarehe tu, na kuanzia siku ile likawa na maneno ya fundi saa.

Lakini huwezi kufunika kitu kwa turubai katika mkoa huu halafu watu wakuache hivihivi. Mtu anayepanda mlima kila alfajiri na nyundo kwenda kwenye kitu alichokifunika, miaka na miaka, anatafuta nini? Jibu lilipatikana kilimani bila kikao: mali ya Wajerumani. Ikawa inasemwa kwamba chini ya lile jiwe Wajerumani walificha masanduku walipokuwa wanakimbia, na kwamba fundi ana ramani, na ndiyo sababu hajengi. Basi fundi na mkewe wakaenda Nansio msibani, siku tano. Huku nyuma wakafika wanaume wanne, mmoja wao mtaalamu mwenye vyuma viwili vilivyokunjwa ambavyo hujikutanisha vikinusa mali. Waliwaambia majirani kwamba wametumwa na mwenye kiwanja. Wakalundika kuni juu ya jiwe, wakalichoma mchana kutwa, wakalipiga nyundo likiwa la moto, wakalichoma tena. Kazi ambayo mafundi wa kulipwa waliikimbia, hawa waliifanya bila hata kuulizana chakula.

Fundi aliporudi siku ya tano mchana alilikuta jiwe limepasuka katikati, nusu nzima imekuwa kifusi, na wanaume wanne weusi kwa masizi wamekaa juu yake wamekata tamaa, kwa sababu chini ya jiwe walikuwa wamekuta jiwe. Akawasalimia. Wakaruka wote kwa pamoja. Mtaalamu akajikaza.

"Mzee, shikamoo. Tulikuwa tunapima ardhi."

"Marahaba. Mnapima kwa moto?"

Fundi akalizunguka jiwe lake, akaokota kipande, akakitupa.

"Mmepiga ngapi?"

"Ngapi nini, mzee?"

"Nyundo. Mmepiga nyundo ngapi?"

Hawakujua. Hilo ndilo lililomuudhi, kwamba watu wanaweza kufanya kazi yote ile bila hesabu. Hata hivyo alimwomba mke wake awachemshie chai, wakanywa kwa kuogopa, na walipokuwa wanaaga akawaambia kwamba yeye alisikia mali iko zaidi upande wa kaskazini, ingawa hana hakika. Wakarudi wakafanya siku mbili nyingine. Nilimwambia kwamba huo ni uongo, tena kwa mtu wa swala tano. "Nilisema nilisikia," akajitetea. "Na nilisikia kweli. Niliwasikia wao wenyewe wakisema."

Ungetegemea mtu wa namna hiyo achinje mbuzi. Lakini wiki ile nilimkuta barazani ana huzuni kabisa. Nikamuuliza, fundi, vipi tena, si umesaidiwa? Akasema alikuwa amejipigia hesabu imebaki miaka sita, na sasa imebaki miwili. "Hii minne mingine nitaifanyia nini?" Nilidhani ananitania kama kawaida yake. Leo nadhani alikuwa anasema kitu ambacho sisi wenye haraka hatukijui, kwamba mtu akiishi vizuri na kazi ndefu, kazi yenyewe inageuka kuwa sehemu ya nyumba, na kuichukua ghafla ni kama kumng'olea mlango. Alikaa siku tatu hivi, kisha akapanda, akahesabu hamsini kwenye kile kilichobaki.

Siku hizi mambo yetu yote yana tarehe ya karibu. Kijana wangu mmoja wa kazini alinipa kadi mbili za kuingia kwenye semina ya mafanikio, katika ukumbi wenye viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe. Nikamchukua fundi, nikijua wazi kwamba nafanya uchokozi. Msemaji alikuwa kijana amevaa suti ya kubana, anatembea jukwaani mbio kama anayefukuzwa na mtu asiyeonekana, akituahidi kwamba tukifuata hatua zake maisha yetu yatabadilika kwa siku tisini. Watu walipiga makofi, waliambiana na jirani zao kwamba wao ni washindi. Mwanamke mmoja alimgeukia fundi akamwambia, "Baba, wewe ni mshindi." Fundi akamjibu, "Ahsante, mwanangu. Wa nini?" Ulipofika wakati wa maswali alinyoosha mkono, akapewa kipaza sauti, akauliza kwa upole mkubwa kwamba yeye amezielewa siku tisini, ila angeomba kujua siku ya tisini na moja afanye nini. Yule kijana alisema hilo ni swali zuri sana, akampa mtu mwingine kipaza sauti.

Sisemi vijana wale ni waongo. Moto wao ni wa kweli, na hata jiwe la fundi lilipata kuchomwa moto likapasuka. Nasema tu kwamba ukumbi ule ulijaa watu walioupenda mwanzo, kama ninavyoupenda mimi. Mimi nimeanza kitabu cha mama mara kumi na moja. Nina daftari zuri, nina kalamu tatu za wino, nina meza niliyoiagiza kwa seremala wa Buswelu maalumu kwa ajili ya kitabu hicho, na juu ya meza hiyo kwa sasa kuna nguo zinazosubiri pasi. Kila mwaka niliahidi kwenda Nansio kukaa na mama mwezi mzima, nirekodi kila kitu kwa mpigo mmoja. Sikuupata huo mwezi. Ningepata Jumamosi kadhaa, lakini Jumamosi niliziona ndogo mno kwa kitabu kikubwa namna ile.

Jiwe lilikwisha baada ya miaka kumi na minne. Msingi wa nyumba ulijengwa kwa mawe yake yenyewe, na kipande kimoja chenye kimo cha kigoda alikiacha uani, lisije jiwe likasema limefukuzwa lote. Siku walipohamia nilialikwa chakula. Mke wake alikuwa anasonga ugali kwenye jiko lake, uso dirishani, na kila baada ya muda alikuwa anatamka, bila kumwambia mtu yeyote, "Ile ya mizigo. Ile ya abiria." Nilimtazama fundi. Hakuwa anatazama ziwa. Ziwa nadhani hata hakuwahi kulitazama sana. Alikuwa anamtazama yeye anavyotazama, naye alikuwa amefurahi mno hata ugali wake ulipoa, na mimi nilimwonea wivu waziwazi, wivu wa mtu mzima. Aliishi katika nyumba ile miezi kumi na mmoja. Kuna waliosema msibani kwamba ni masikitiko, miaka yote ile kwa miezi kumi na mmoja. Nadhani walihesabu vibaya, maana hawakuweka asubuhi za nyundo, na yeye alikuwa anaziweka.

Nilipanda siku ya tatu baada ya mazishi. Nilimkuta mjane yuko jikoni kwake, wanawake wa msibani wamemwacha apumue kidogo. Alinieleza kwamba fundi alijilaza baada ya chakula cha mchana na hakuamka. Nilikaa naye, nikampa pole, tukanyamaza. Katika ule ukimya nikasikia mlio mdogo kutoka kwenye kabati la vyombo. Nilikuwa nimeusahau kwa miaka tisa, lakini niliujua mara moja. Ni mlio niliokuwa nausikia utotoni nikilala karibu na mkono wa baba.

"Inatembea," nikasema.

"Haijawahi kusimama," akasema mjane. "Alikuwa anaitia ufunguo kila asubuhi akirudi kutoka kwenye jiwe. Sasa naitia mimi."

Nilikohoa kidogo, nikatafuta maneno. Nikasema kwamba, mama, kwa vile mzee ametangulia, na saa yenyewe ni kumbukumbu ya familia, nilikuwa naona labda...

"Kitabu kimefika wapi?" akanikatiza.

Nilitazama dirishani. Boti ya mizigo ilikuwa inaingia taratibu.

"Mama yako yu hai bado?" akauliza.

"Yupo. Lakini siku hizi anachanganya. Juzi aliniita kwa jina la kaka yake."

Aliinuka, akafungua kabati, nikaiona saa imelala kwenye kitambaa cheupe, mshale mdogo wa sekunde unakimbia. Aliifuta kwa ncha ya kanga, akanionyesha ili nihakikishe ni nzima, akairudisha palepale na kufunga kabati. "Marehemu aliacha maneno," akasema. "Mimi siwezi kuyabadilisha." Kisha akanimiminia chai.

Jumamosi hiyohiyo nilipanda boti ya asubuhi. Mama alinijua mara moja, akanisahau, akanijua tena, na katikati ya hayo alinisimulia siku aliyomwona baba kwa mara ya kwanza gatini, amevaa kaptula ya kazini iliyoraruka nyuma, naye hajui. Nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo maishani mwangu. Niliandika ukurasa mmoja. Mama alitaka kuendelea, na mimi nilitaka kuendelea kuliko yeye, lakini nilifunika kalamu nikamwambia tutaendelea Jumamosi ijayo. Akaniuliza sasa hivi ni saa ngapi. Nikamwambia sijui, saa yangu iko kwa fundi.